Tabo ama umeme? Pikapu dizeli inakufa nguvu na taa ya injini inawaka, nshachoka na mafundi (Malindi)

Kolekole_Mld
Assalam aleykum wakubwa kwa wadogo. Nna pikapu dabo kabini, dizeli 3.0, koman reli, tabo yake (ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini) ni ile ya veni, vibawa vya kugeuka, inayovutwa na vakyumu, yaani nguvu ya kunyonya hewa. Sitaji ni ya kampuni gani maana nawajua, mtaacha shida yangu muanze vita vya Simba na Yanga hapa. Kazi yake ni samaki, napakia Ngomeni na barafu nashusha Malindi na Watamu, na mara mojamoja mzigo unaenda mpaka Mokowe. Siku izi pia nabeba kamba mawe (lobsta) hai wa mahoteli kwa tangi huko nyuma, kuna kipampu cha hewa kinawapulizia njia nzima.

Sasa shida ni hii. Tangu mwezi wa tatu nikiwa na mzigo nikivuka daraja la Sabaki nikaanza kupanda upande wa Malindi, nikikanyaga mafuta nasikia fyuuuu kama mtoto anapuliza chupa, moshi mweusi nyuma, taa ya injini inawaka na gari inakufa nguvu, RPM haipiti 2500 hata ukanyage mpaka sakafu. Nikizima nikiwasha inarudi sawa dakika kumi alafu tena. Na kuna hili lengine sijui kama yahusiana, asubuhi stata inavuta kama mzee anaamka, nikiwasha feni taa za mbele zafifia, na kile kitaa cha betri chawaka kwa mbaaali kama sigara. Betri nimenunua mpya mwezi wa nne, haikusaidia kitu.

Fundi wa kwanza alifungua boneti akasikiliza dakika moja akasema tabo imekufa leta 90,000 nikuletee ilofanyiwa ukarabati Mombasa. Wa pili akasema kompyuta ya gari. Wa tatu alichomeka mashine akanitolea kodi tatu za hitilafu, P0299, P0045 na P0562, akazifuta, akachukua elfu mbili zake akaenda kuswali. Kodi zilirudi kabla hajatoa salamu.

Nianzie wapi jamani, msimu huu siwezi kukaa bila gari.

Kanairo_Dizeli
Msee hiyo tabo imeisha. P0299 ni presha ya tabo kuwa chini, mashine imesema, fundi amesema, unangoja nani mwingine? Toa hiyo 90 ulale usingizi.

BabaTatu_Mokowe
Pole sana ndugu yangu. Usinunue tabo kwanza, nakuomba. Mimi mwaka juzi gari ilinifia nguvu kati ya Minjila na Witu magharibi inaingia, na wanaoijua hio barabara wanajua si mahali pa kusimama kutafakari. Nlirudi nkanunua tabo. Gari ikaendelea kufa nguvu vilevile na tabo mpya iking'ara mle ndani. Mwisho ikaonekana ni kimpira cha vakyumu unene wa kalamu kimepasuka kwa chini, shilingi mia moja hamsini. Ile tabo yangu ya kale iko nyumbani, mke wangu anazuilia mlango usipigwe na upepo wa kusi.

Hebu nambie, oili yapungua? Umeona moshi wa buluu?

Kolekole_Mld
Oili haipungui hata tone. Moshi ni mweusi tu na ni nikikanyaga.

FundiWaya_Mld
Yakhe tulia kwanza usitoe pesa.

Hizo kodi tatu zichukue kama mtu anakuelezea alichoona, si hukumu ya kadhi. P0299 haisemi tabo imekufa, yasema kompyuta iliomba presha fulani na sensa ikaona imekuja pungufu, bas. Kwa nini imepungua yenyewe haijui. Huenda tabo, huenda hozi imetoboka, vakyumu haifiki, veni zimeganda masizi, filta imejaa vumbi la Gongoni, ama sensa yadanganya. P0045 ndio yenye adabu, hio yataja mahali, ni njia ya umeme ya solenoidi, kile kivali cha umeme kinachoiamuru tabo. Na P0562 yasema volti za gari ziko chini. Sasa mtu akiona mbili kati ya tatu ni za umeme alaf akakuuzia tabo, huyo hatafuti ugonjwa, anatafuta pesa ya skuli.

Anza na umeme maana kompyuta yenye njaa hupayuka mengi. Nunua mita ya kupimia umeme, ya elfu moja na mia tano yatosha, weka DC volti 20. Gari ikiwa imelala usiku kucha pima betri, yatakikana 12.6 hivi. Washa injini, hapohapo kwa taminali iwe 13.8 mpaka 14.5. Alafu pima na kwenye altaneta yenyewe, nati yake kubwa na bodi yake, uone kama namba zafanana.

Sasa skiza hiki ndio watu huruka. Suguwa mahali pamoja pa chuma cha injini mpaka pang'are, weka mkono mmoja wa mita hapo na mwengine kwenye taminali hasi ya betri, mtu apige stata. Ikisoma 0.2 sawa. Ikizidi nusu volti erthi ya injini (njia ya umeme kurudi betri) ni mbovu hata iwe yapendeza machoni. Na usipime waya kwa omu (kipimo cha ukinzani) ukaridhika, waya wa nyuzi thelathini ukibaki na uzi mmoja mita itakwambia mzima kwa sababu mita yapitisha umeme wa kunusa tu. Ni kama mlango ulobaki upenyo, paka hupita, jeneza halipiti.

Alaf nijibu hili: ukisema "nikiwa na mzigo", mzigo gani? Barafu? Samaki? Uzito tu?

MamaNazi_Mambrui
Mwanangu Kolekole, mie si fundi, mie nauza nazi na nna pikapu mbili zenye kunizeesha. Hio fyuuu nakwambia ni hozi. Ingia uvunguni gari ikiwa imepoa, fuata ile hozi nene itokayo kwa tabo kwenda intakula (kile cha kupoza hewa ya tabo) na ile ya kutoka intakula kurudi kwa injini, usiangalie kwa macho, pitisha vidole kwa CHINI yake. Yangu ilikua imepasuka tumboni, ukiangalia juu nzima kabisa, na isipokua na presha inajifunga yenyewe hata ukipuliza huoni kitu. Mahali palipo na mafuta mafuta na vumbi limegandana ndipo.

Kolekole_Mld
Shukran mama, na wewe fundi. Kesho nashinda uvunguni inshallah.

Mzigo ni samaki na barafu. Sasa umenifanya nifikirie, nakumbuka siku moja nlibeba saruji mifuko ishirini kutoka Kilifi na haikuwaka taa hata mara moja. Nguvu ilipungua kidogo na fyuuu ilikuwepo lakini taa haikuwaka. Nlidhani bahati.

Kanairo_Dizeli
Hii sasa ni sinema. Mtu ako na kodi ya tabo anaambiwa apapase hozi.

Kolekole_Mld
Jumapili usiku, mgongo waniuma, lakini nna habari.

Betri ilolala 12.5. Injini ikiwaka kwenye altaneta 14.2, safi. Kwenye betri na taa na feni zikiwa wazi, 12.9! Volti moja na zaidi yapotelea njiani. Nkamwita mpwa wangu apige stata mimi nkiwa nimeshika mita, injini na taminali hasi: 1.4. Nkarudia mara tatu kwa sababu sikuamini.

Nkaufuata ule mkanda wa shaba wa kusukwa unaotoka kwa injini kwenda chesisi. Kwa mbali waonekana mkanda. Nkaugusa kwa bisibisi ukakatika kama majani ya chai, ndani ni unga wa kijani mtupu. Ni mimi mwenyewe, nashuka na gari mpaka mchangani kupakia, na siku za bamvua ile njia ya Ngomeni maji ya chumvi yanafika kwa magurudumu. Na waya hasi wa betri pale unapofungwa kwa bodi, rangi ilikua haijasuguliwa, nati imekaa juu ya kutu.

Nmeweka waya mnene mpya, taminali za kubanwa, nmesugua mpaka chuma cheupe, nmepaka grisi juu. Shilingi mia nane jumla. Sasa stata inapiga kama pikipiki, betri yasoma 14.0 na taa zote wazi, na kile kisigara kimezimika. P0562 imeondoka.

P0299 na P0045 bado zipo. Nlienda mpaka Gongoni na kurudi, na tangi la kamba nyuma, ikanifia palepale pa kawaida.

Kanairo_Dizeli
😂😂 Si nilisema. Tabo.

FundiWaya_Mld
Kanairo ngoja zamu yako.

Vizuri sana Kolekole, ukiwa na erthi nzima ndio vipimo vyengine vina maana. Sasa mambo mawili. Kwanza ile skana ya blututhi ya kuchomeka chini ya usukani, azima kwa mtu, fungua simu, switchi oni injini isiwake, nambie presha ya manifoldi (njia ya hewa kuingia injini) yasoma ngapi.

Pili solenoidi ya tabo. Ina waya mbili. Ichomoe soketi, switchi oni, waya mmoja utakua na volti za betri. Usitosheke na mita. Chukua kibalbu cha namba pleti, wati 5, mguu mmoja kwa huo waya wenye moto na mwengine kwa taminali hasi ya betri, uwake, na wakati unawaka pima volti tena palepale. Huo waya wa pili wa soketi USIUGUSE na balbu wala usiupe moto, huo waenda kwa kompyuta, ukiuchoma hutalia 90 tena utalia zaidi.

Kolekole_Mld
Presha yasoma kilopaskali 101.

Kanairo_Dizeli
Hapo sasa sensa pia imeharibika. Nimetoka kupima yangu saa hii, injini imezimwa, inasoma 83. Wewe 101 injini ikiwa haijawaka? Hiyo inadanganya kompyuta.

FundiWaya_Mld
Kanairo, wewe uko Nairobi, mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, hewa yako nyepesi. Kolekole yuko bahari yamlamba miguu. Injini ikiwa imezimwa sensa husoma hewa ya mahali gari ilipo, kwako 83 ni sawa na kwake 101 ni sawa. Ingekua hapa Malindi yasoma 83 ndio ningesema sensa ni mgonjwa. Sensa zenu zote mbili ni wazima, muzipongeze.

Kanairo_Dizeli
Aiseee. Hiyo sikuwa najua. Sawa, naendelea kusoma kimya.

BabaTatu_Mokowe
😂 Karibu pwani uje upate hewa nzito.

Kolekole_Mld
Fundi. Fundi. Nna aibu hata kuandika.

Waya wa moto wa solenoidi, kwa mita peke yake: 12.4. Nkasema huu mzima. Nkaweka kibalbu cha namba pleti, kikawaka rangi ya chungwa la Desemba, mita ikashuka 6. Nkautikisa waya kuelekea ukuta wa injini, balbu ikazima kabisa, nkautikisa tena ikarudi. Nkaanza kufungua tepu. Chini ya tepu nyeusi ya juzijuzi, kuna kiungo, waya umemenywa katikati ukasokotwa na waya mwengine mwekundu, hakuna risasi ya kuunga hakuna chochote, umekua kijani kama ule mkanda. Nkaufuata ule mwekundu, unapita chini ya kapeti, unatokea nyuma ya kiti, unaingia kwa bodi...

Ni pampu ya hewa ya kamba mawe.

Mwezi wa pili nlimpa kijana mmoja shilingi mia tano anitafutie umeme wa pampu, "popote penye moto switchi ikiwa oni" maneno yangu mwenyewe. Na fyuzi ya njia hio ilikua 10 ameweka 20 kwa sababu ilikua yakatika. Ndio maana siku ya saruji taa haikuwaka, kamba hawakuwemo, pampu ilikua imezimwa. Miezi hii yote gari ilikua yalalamika kila nikipeleka kamba Watamu na mimi nahesabu uzito.

MamaNazi_Mambrui
Mwanangu!! 😂😂😂 Umenitoa machozi niko dukani watu wananiangalia.

FundiWaya_Mld
Hahaha usione aibu, ungeona ninayofungua kila wiki. Nlipata gari moja mtu amechomeka redio, taa za nyuma na king'ora kwa waya wa sensa, waya wa sensa jamani, ule ni volti 5 tu.

Hivi ndivo ilivokua: pampu yavuta umeme kupitia kiungo kibovu, volti za solenoidi zaanguka, solenoidi haina nguvu ya kufungua vakyumu, vakyumu haifiki kwa tabo, veni zakaa wazi, presha haipandi. Kompyuta yaona yote mawili, yaandika P0045 na P0299, yakata nguvu kuilinda injini. Kata hicho kiungo, rudisha waya kwa risasi ya kuyeyusha na mpira wa kujibana kwa moto, si tepu, na fyuzi irudi 10 LEO, hio 20 yachoma waya kabla haijakatika. Pampu ipe njia yake, moto moja kwa moja kutoka betri, fyuzi yake karibu na betri, na rilei (kiwashio cha umeme) inayowashwa na switchi.

Alafu kabla hujafunga boneti tuiulize tabo yenyewe. Mtu awashe injini, wewe uangalie kile kifimbo cha akcheta ya tabo, ile inayogeuza veni. Kikivutwa mara injini inapowaka na kuachiliwa ikizimwa, pole pole bila kukwama, vakyumu yafika na veni zatembea. Kama una pampu ya mkono ya vakyumu bora zaidi, vuta uone kama yashikilia. Alaf injini ikiwa baridi na imezimwa, toa hozi ya mbele ya tabo ushike ile nati ya katikati ya feni. Kucheza kidogo kwenda kando ni kawaida, hapo ndipo oili hukaa. Ikicheza kwa kuvuta na kusukuma, ama feni imekwaruza ukuta, hapo Kanairo atashinda.

Kolekole_Mld
Jumatano. Kiungo nmekata, waya nmeunga kwa risasi, fyuzi imerudi 10. P0045 haijarudi siku mbili sasa hata kamba wakiwa ndani.

Kifimbo chavutwa vizuri. Pampu ya mkono nliazima kwa jamaa wa Shela Malindi (si Shela ya Lamu, watu wa Mokowe msianze), nkavuta, kifimbo kikatembea laini, nkahesabu mpaka sitini hakikurudi. Feni ya tabo yacheza kando unywele tu, mbele nyuma hakuna, makali yake mazima hata mkwaruzo.

Lakini P0299 imerudi jana mara moja, kilima cha Sabaki, na fyuuu yake. Kwa simu naona kompyuta yaomba 220, yapata 160.

Kanairo_Dizeli
Sisemi kitu.

MamaNazi_Mambrui
Uliingia uvunguni nilivokwambia?

Kolekole_Mld
Kusema kweli mama, niliangalia kwa macho.

MamaNazi_Mambrui
Nlisema VIDOLE.

Kolekole_Mld
Nmetoka uvunguni sasa hivi. Hozi ya chini ya intakula, karibu na klipu, upande wa chini kabisa unaoangalia barabara. Kidole kikazama. Mpasuko urefu wa kucha mbili, midomo yake imekaa pamoja huwezi kuona, pembeni tope la mafuta na vumbi. Nkatia maji ya sabuni mpwa wangu akanyage mafuta, na gari imesimama hakuna hata povu. Nkaikunja kwa mkono ndio ukafunguka kama mdomo wa chewa.

MamaNazi_Mambrui
Haya. Nunua ya mpira wa tabaka, zile nyembamba za kupozea maji zisikutanie, hazistahimili presha wala mafuta. Na klipu mpya, ile pana.

FundiWaya_Mld
Mama nakuvulia kofia. Na ndio maana siku ya saruji alisema nguvu ilipungua kidogo na fyuuu ilikuwepo bila taa. Hozi peke yake ilikua haijatosha kuikasirisha kompyuta, ikaja kutosha sasa mpasuko umekua. Mimi hio fyuuu niliiruka kwa sababu waya ndio kazi yangu, kila mtu huona kwa jicho la kazi yake.

BabaTatu_Mokowe
Kolekole usisahau na vile vimpira vidogo vya vakyumu, ukiwa huko ndani badilisha vyote, joto la huku huvifanya biskuti. Mpira wa urefu wa mita mbili haifiki mia nne.

Kolekole_Mld
Jumamosi, nimerudi sasa hivi.

Hozi 4,500 na klipu, ilikuja na basi kutoka Mombasa. Vimpira vya vakyumu nmebadilisha vyote, kimoja kilivunjika mkononi kwa hivo BabaTatu Mungu akulipe. Waya, risasi, rilei na vishikio vya fyuzi kama 1,700. Ukiweka na ule mkanda wa erthi haijafika elfu nane, na mita imebaki yangu. Yule wa tabo jana amenipigia kuuliza kama nimeamua, amepunguza mpaka 75, nkamwambia nitamtafuta nikitaka kuzuilia mlango.

Alhamisi nlipakia karibu kilo mia saba pamoja na barafu mpaka Mokowe. Kilima cha Sabaki sikukipanda na mzigo safari ile, lakini leo nmepita mara mbili na simu iko wazi kwa dashibodi: yaomba 220, yapata 216, 217. Hakuna fyuuu, moshi ni ule mwembamba wa dizeli tu. RPM 3,400 bila kushurutishwa, nkaogopa mwenyewe nkapunguza.

Jioni nlipeleka kamba mawe Watamu, kumi na nane, pampu ikiwa na waya wake na fyuzi yake kama mtu mzima. Walifika hai kumi na saba. Yule mmoja mpishi ameniambia alikua mgonjwa tangu baharini, sikubishana nae.

Kanairo_Dizeli
Mimi naenda kupima erthi yangu. Hiyo mita ya elfu moja na mia tano mnanunua wapi?